Taa Isikae Juu ya Kamera

Katika mazungumzo haya twataka kusema na wale walioanza kazi ya kupiga picha za watu, hasa vijana wa Singida waliokwisha kupata kamera na taa ndogo ya flashi, nao hushangaa kuona picha zao hazifanani na watu waliowapiga. Jambo lenyewe si gumu. Walakini yafaa tulieleze polepole, maana kosa hilo tulilifanya sisi wenyewe.

Tulialikwa katika kijiji kimoja cha Iramba kumpiga picha bibi mmoja mzee sana, mama wa ukoo mkubwa, ambaye tangu kuzaliwa hakupata kupigwa picha hata moja iliyo nzuri. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Tukamkalisha mlangoni karibu na ukuta, tukaibandika flashi juu ya kamera, tukapiga. Tulipowaonyesha wajukuu, mtoto mmoja mdogo alisema, "Huyu si Bibi." Na kweli hakuwa yeye. Uso ulikuwa bapa kama sinia, mikunjo yake yote imefutika, paji limeng'aa, na ukutani nyuma yake kimesimama kivuli cheusi kama mtu wa pili. Tulitahayari, maana kila mtu pale alijua ya kwamba picha ya bibi yule ndiyo itakayobebwa mbele ya watu siku ya maziko yake.

Sababu ya kosa lile kila msomaji aweza kuiona usiku wa leo bila gharama. Mkalishe ndugu yako katika chumba chenye giza, ushike koroboi au tochi mbele ya pua yako mwenyewe, umtazame. Utaona macho, pua na mdomo, lakini vyote vimelala kama vilivyochorwa juu ya karatasi. Sasa isogeze taa upande wa kulia, mkono mzima, kisha uinue ipite kidogo kimo cha kichwa chake. Mara pua itasimama, shavu litapata mviringo, na kila mkunjo utaonekana. Uso haukubadilika; kilichobadilika ni vivuli. Taa ikikaa pamoja na jicho, kila kivuli huanguka nyuma ya kitu chenyewe, usikione. Mwezi nao ndio hivyo: ukiwa mpevu jua liko nyuma yetu nao waonekana bapa, bali ukiwa nusu, jua laupiga kwa ubavu, na mwenye darubini huona milima na mashimo yake.

Hapa tuseme jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Desturi ya kuweka taa juu ya kamera si ya asili. Unga wa flashi, uliochanganywa na magnesiamu, ulitengenezwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, na mpiga picha aliuwasha katika kisahani alichokiinua juu, mbali na kamera, kwa kuogopa moto na moshi. Kwa unga huo Mjerumani C. G. Schillings alipiga picha za simba usiku katika nyika za nchi yetu, akazitoa katika kitabu chake mwaka 1905. Flashi ya umeme ilikuja baadaye, kwa kazi aliyoianza Harold Edgerton huko Marekani mwaka 1931. Taa ilipokuwa ndogo na salama ndipo watu walipoibandika kichwani mwa kamera, kwa wepesi tu wa kuichukua. Basi anayeiondoa pale hafanyi ufundi wa ajabu. Airudisha mahali pake pa zamani.

Vyombo vinavyohitajika ni vichache: flashi moja ambayo nguvu yake yaweza kupunguzwa kwa mkono, vifaa viwili vidogo vya kuiwasha bila waya, kimoja juu ya kamera na kimoja chini ya flashi, stendi, na mwavuli mweupe. Asiye na stendi na ampe mdogo wake ashike. Twawaonya wasikimbilie taa ya pili. Mwenye taa mbili kabla hajaijua moja hupata vivuli viwili, wala hajui ni kipi cha taa ipi.

Simamisha taa ubavuni, nusu ya njia baina ya mbele ya uso na sikio, yaani digrii 45 hivi, nayo iwe juu ya macho ikitazama chini. Kisha mtazame mtu, usiitazame taa. Katika shavu lililo mbali na nuru hutokea kipembetatu kidogo cha mwanga chini ya jicho. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyekufa mwaka 1669, alipenda kuchora nyuso namna hiyo, na wapiga picha hadi leo huuita mwanga huo kwa jina lake. Kipembetatu kikikosekana, na jicho likazama gizani, taa imekwenda mno ubavuni au imepanda mno. Kwa mwenye miwani hapana budi kuiinua taa kidogo zaidi, isije ikajiona katika vioo.

Sasa tuufikie mwavuli, ambao ndio nusu ya kazi. Kinachofanya kivuli kiwe kikali au laini ni ukubwa wa taa mbele ya mtu, wala si nguvu yake. Kichwa cha flashi ni kidogo kuliko kiganja, basi kivuli chake hukatwa kama kwa kisu. Jua nalo, ingawa ni kubwa kupita kiasi, liko mbali, hata machoni petu ni dogo. Ndiyo maana adhuhuri ya Singida huwapa watu mashimo meusi badala ya macho, hasa mapema Machi na mapema Oktoba, linapopita utosini kabisa. Siku ya mawingu nuru hutoka mbingu nzima, na nyuso hulainika. Mwavuli mweupe hufanya kazi ya wingu: flashi hupiga ndani yake, nao wote hugeuka kuwa taa. Usogeze karibu, mita moja au moja na nusu, maana ukiupeleka mbali hurudi kuwa mdogo. Shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa lafaa pia, ila lisiiguse.

Na upepo! Wenyeji wa Singida hawahitaji kuambiwa habari zake. Mwavuli juu ya stendi ni tanga la jahazi, nasi tumeona mmoja ukianguka juu ya mawe kando ya ziwa Singidani, flashi ikavunjika shingo. Jaza mchanga katika kiroba, ukining'inize katika miguu ya stendi, au umweke mtu wa kushika.

Ujue tena ya kwamba nuru huchoka upesi. Kinachopokea nuru kamili kwa mita 1 kitapokea robo tu kwa mita 2, na sehemu ya tisa kwa mita 3. Kwa sababu hiyo, ikiwa taa i mita 1 na uso, na ukuta u mita 3 na taa, ukuta utaingia gizani wenyewe, na kile kivuli kama mtu wa pili hakitaonekana. Kwa bibi yetu tulimbana ukutani. Ingetosha kumsogeza mbele hatua nne.

Panapowachanganya wanafunzi zaidi ni hapa: picha ya flashi huwa na nuru mbili, ya taa na ya mahali penyewe. Flashi ikipunguzwa nguvu sana hudumu chini ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, basi shata ikae wazi muda mrefu au mfupi, kwake ni mamoja. Lakini nuru ya mbingu huingia muda wote shata iliyo wazi. Kwa hiyo shata yatawala mbingu peke yake; tundu la lenzi latawala zote mbili. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, piga kwanza bila taa, ukibadili shata mpaka anga la nyuma liwe na giza kidogo na rangi nzuri. Mtu atakuwa mweusi tii, usijali. Ndipo uwashe flashi kwa sehemu ya 1/16 ya nguvu zake, na kama haitoshi, 1/8. Kila hatua hiyo huzidisha nuru maradufu. Shata isipite 1/200, au 1/250 kwa kamera nyingine, maana ukizidi utaona utepe mweusi ubavuni mwa picha.

Neno moja juu ya ngozi. Kamera ikiachiwa kujipimia nuru hudhani kila kitu kina weusi wa kadiri. Mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa itamtia giza, kwa kuuogopa ukuta. Pima kwa uso. Tena si kweli kwamba ngozi nyeusi yataka kumwagiwa nuru nyingi; ikimwagiwa kutoka mbele hubadilika kuwa kijivu. Ngozi yetu huonyesha umbo lake kwa mng'ao, basi ipe taa kubwa ya ubavuni, na upande wa pili shuka jeupe la kurudisha nuru kidogo, utauona mng'ao ukipita juu ya mfupa wa shavu. Jasho lifutwe kwanza. Na mwenye ualbino aulizwe kabla ya taa kuwashwa, maana macho yake huumizwa upesi na mwanga mkali.

Kwa bibi yule tulirudi mwezi uliofuata, saa ile ile ya jioni. Tukamtoa ukutani, mjukuu mmoja akashika mwavuli na mwingine shuka. Tulipiga picha tano tu. Yule mtoto mdogo alitazama, hakusema neno, akakimbia kumwita mama yake. Bibi mwenyewe aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigusa kwa kidole penye mikunjo, kisha akauliza kama twaweza kumpiga tena, safari hii pamoja na mbuzi wake.