Ngano Inapoudhuru Utumbo

Asubuhi nyingi Kariakoo huanza kwa chapati, maandazi au mkate. Hata hivyo, wapo ambao ngano huwadhuru. Ugonjwa wao huitwa siliaki. Kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na shayiri, huushambulia utumbo mwembamba. Vijinyuzi laini vinavyofyonza chakula husinyaa; mgonjwa hudhoofu ilhali anakula, hupungukiwa damu, na mtoto hudumaa.

Daktari Mholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyebainisha madhara ya ngano kwa wagonjwa hawa katika miaka ya 1940. Tiba ni kuiacha gluteni maisha yote, na utumbo hupona taratibu. Alhamdulillahi, ugali wa mahindi, wali, muhogo na ndizi havina gluteni. Tujihadhari tu na mahindi yaliyosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano.

Wazazi, tusikimbilie kudhani ni minyoo au husuda. Wala tusimwachishe mtoto ngano kabla ya kipimo cha damu, kwani ugonjwa unaweza kujificha. Tuanze hospitali. Na mgonjwa akialikwa futari, tusimlazimishe kula kaimati, tumwekee muhogo.