Bwiza: mitaa ya namba na nyumba za ua

Mwanafunzi akiambiwa kwamba Kiswahili kinazungumzwa Bujumbura, mara nyingi hutajiwa Buyenzi tu. Katika toleo hili tunavuka kwenda kwa jirani yake, Bwiza. Jina lenyewe ni somo la ngeli: ubwiza kwa Kirundi ni uzuri, na bu- ya Kirundi ndiyo u- yetu ya utoto na ugonjwa.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka Ujiji, Tabora, pwani na Kongo wakaja na lugha yao. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 waligawa mji kwa rangi ya watu: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu katika Mtaa wa Asia, Waafrika Buyenzi na Bwiza. Jina la kiserikali la mitaa hii ya Waafrika, kwa Kifaransa, lilikuwa na maana ya vituo vilivyo nje ya mila. Maana yake ni kwamba ardhi haikuwa ya chifu, wala mkazi hakuihesabu kuwa ya ukoo. Kiwanja kilitolewa na serikali.

Ndiyo sababu barabara zimenyooka na zina namba badala ya majina. Mwenyeji husema anakaa avenyu ya tatu au ya saba. (Wanafunzi waangalie: avenyu ya pili ni moja, avenyu mbili ni mbili!)

Nyumba ya zamani huko atakayeijua Tabora au Kariakoo hataishangaa. Mlango unatazama barabara, ukumbi unapita katikati, vyumba viko kushoto na kulia, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Kuta ni za matofali ya udongo, paa ni la mabati. Ngagara ni tofauti: huko shirika la nyumba la Wabelgiji, OCAF, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga nyumba za mpango mmoja, na jina la OCAF likabaki midomoni mwa watu. Bwiza kila mtu alijenga kadiri ya mfuko wake.

Ua ndio uliobadilika zaidi. Watoto walipooa, vyumba viliongezwa nyuma, vingine vikapangishwa. Vyumba hivyo huitwa aneksi, neno la Kifaransa lililovaa Kiswahili. Kiwanja cha familia moja hivyo huweza kubeba kaya kadhaa, bomba moja na choo kimoja. Na kwa kuwa katikati ya mji hufikiwa kwa miguu, mnunuzi wa leo anatafuta kiwanja; nyumba ataibomoa apandishe ghorofa. Kwa maoni yetu ni hasara, ingawa si rahisi kumwambia hivyo anayelala chini ya bati linalovuja.

Lakini nani muuzaji halali? Mwezi Machi 1995, wakati wa vita, vijana wenye silaha wa Kitutsi pamoja na askari waliwafukuza Wahutu na Wazaire wengi kutoka Bwiza na Buyenzi. Maelfu walikimbilia Zaire. Nyumba zilizoachwa zikaingiwa na wengine, nyingine zikauzwa tena. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka wakimbizi warudishiwe mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine. Mara nyingi pande zote mbili zilikuwa na hoja: mmoja alifukuzwa, mwingine alinunua kwa fedha zake akiamini anauziwa na mwenyewe. Hati yenye jina la babu aliyekwisha kufariki huongeza ugumu, kwani urithi wa ardhi Burundi umeachiwa zaidi mila, na ndugu wote hawaelewani juu ya mila ipi.

Tangu mageuzi ya mwaka 2014 Bwiza si tarafa tena, bali ni zoni ya Mukaza. Kwa hiyo karatasi ya zamani na ya sasa za kiwanja kilekile huweza kutaja tarafa mbili tofauti, na msomaji wa hati hizo asidhani ni viwanja viwili.