Usiyadharau Mate, Ndiyo Ngao ya Meno

WENGI wetu huyaona mate kuwa kitu cha kutemwa tu. Kumbe mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku, nayo hayamo kinywani bure. Mate ni mlinzi wa meno na ufizi. Mlinzi huyo akizidiwa, taabu huingia nyumbani.

Taabu hiyo huwaelemea zaidi wakazi wa mbali. Mtu wa Nakapanya, mashariki ya Tunduru mkoani Ruvuma, akilazimika kulipeleka jino lake hospitali ya mkoa mjini Songea, husafiri zaidi ya kilomita 250. Siku za kazi hupotea, na fedha za korosho huishia katika nauli. Mkazi wa mjini hana safari hiyo, lakini naye mara nyingi hungoja mpaka jino halina dawa ila kung'olewa.

Uharibifu huanza hivi. Vijidudu vilivyomo katika ukoga, ule utando unaonata menoni, hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Hapo mate huingia kazini: huizimua asidi, huosha mabaki ya chakula, na hulirudishia jino madini yake. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa au saa nzima. Basi anayekunywa chai ya sukari asubuhi, kisha soda, kisha peremende, kisha chai tena, hayapi mate nafasi ya kupumua. Usiku hali ni mbaya zaidi, kwani tulalapo mate hupungua sana.

Ukoga huo huo ukiachwa huleta uvimbe wa ufizi. Ufizi huwa mwekundu na kutoka damu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: waionapo damu, huacha kupiga mswaki mahali pale. Ukoga huzidi, madini ya mate huufanya mgumu kama jiwe, na ufizi hurudi nyuma hata mzizi wa jino ukabaki wazi. Mzizi hauna gamba gumu la kuukinga, hivyo huoza upesi.

Walio katika hatari kubwa ni wagonjwa wa kisukari na wale wanaotumia dawa zinazokausha kinywa, zikiwamo baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Hao wasiache dawa zao, bali wamweleze mganga.

Ndugu msomaji, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na mara moja iwe kabla ya kulala. Mtoto mdogo atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, na kati ya milo maji yatosha. Ufizi ukitoka damu, usafishe taratibu bila kuuacha. Damu isipokoma kwa wiki mbili, nenda kwa mganga wa meno. Usingoje maumivu, kwani jino la ukubwani likishang'oka haliwezi kuota tena.