Sura ya Tano: Shamba Moja, Haki Nyingi

Ukitaka kujua uwezo wa mkulima wa Lushoto, usianze kwa kuuliza ana ekari ngapi. Uliza mashamba yake yako wapi. Kipande kimoja kiko nyuma ya nyumba, kwenye migomba na kahawa. Cha pili kiko mteremkoni, cha mahindi na maharage. Cha tatu kiko bondeni, mahali penye unyevu, ambako kabichi na karoti hukua hata wakati wa kiangazi. Mwenye bahati ana cha nne, kule chini nyikani. Vipande hivi vikijumlishwa huenda visifike ekari tatu, lakini kila kimoja kina udongo wake, majira yake na, jambo ambalo ndilo kiini cha sura hii, kila kimoja kina watu wake wenye haki juu yake.

Mlima na nyika

Kutoka Mlalo kushuka hadi Mng'aro na Lunguza, upande wa kaskazini wa Milima ya Usambara, ni safari fupi kwa umbali lakini ndefu kwa hali ya hewa. Juu kuna baridi na mvua ya kuaminika zaidi. Chini kuna joto, na mvua huja inapotaka. Hata hivyo nyika ina tambarare, na mto Umba, unaoanzia kwenye misitu ya milimani, huwanywesha wakulima wa mpunga wa huko kabla haujaingia Kenya na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Vanga.

Wasambaa wa zamani waliielewa tofauti hii na kuitumia. Vijiji vingi vilijengwa karibu na kingo za mlima, ili watu walale mahali pa baridi, mbali na malaria na wavamizi, na bado waweze kushuka kulima nyikani. Mvua ikigoma chini, mgomba wa juu hulisha watoto. Msimu wa nyika ukiwa mzuri, mahindi hupandishwa mlimani. Mtu mwenye mashamba mahali pawili alikuwa na akiba ambayo ukame mmoja haukuweza kuimaliza.

Akiba hiyo ilianza kuguswa wakati wa Wajerumani. Mwaka 1895 amri ya kikoloni ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa macho ya mgeni, shamba lililopumzishwa na malisho ya nyikani vilionekana havina mwenyewe. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kandokando yake yakaenea mashamba makubwa ya mkonge, kuanzia Korogwe hadi Mazinde. Sehemu ya tambarare iliyokuwa ghala la watu wa mlimani ikawa mahali pao pa kibarua.

Nani mwenye nini

Katika mila ya Kisambaa, mume mwenye wake wengi humpa kila mke mashamba yake ya kulima. Mashamba hayo huhesabiwa kuwa ya nyumba ile, na watoto wa kiume wa mama huyo ndio wanaoyarithi. Watoto wa nyumba nyingine hawana sehemu humo. Kwa hiyo shamba ambalo kijiji kizima hulitaja kwa jina la baba tayari limekwisha kugawanyika ndani kwa ndani, na anayelijua vizuri kuliko wote ni mama anayelilima.

Kisha kuna kuazimana. Asiye na ardhi ya kutosha humwendea ndugu au jirani na kuomba kipande cha msimu. Ruhusa hiyo ina mpaka unaojulikana na wote: mwazimaji apande mahindi, maharage au viazi, asipande mgomba wala mti. Mahindi huvunwa yakaisha. Mgomba huzaa machipukizi mwaka hadi mwaka, na aliyeupanda hupata sababu ya kusema kwamba hapa ni kwake. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa mashamba milimani huanza kwa mche mmoja uliopandwa kimyakimya.

Tukijumlisha, kipande kimoja cha mteremko kinaweza kuwa na ukoo unaokitaja kuwa cha babu, mwanamume anayekigawa, mke anayekilima na kulisha nyumba kwacho, mwanawe anayekisubiri, na jirani aliyekiazima hadi mavuno. Wote watano wana haki ya kweli, ingawa hazilingani.

Somo la matuta

Serikali ya Waingereza ililipuuza jambo hili na ikalipa gharama yake. Mwaka 1946 ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa milimani kote. Wakulima walilazimishwa kujenga matuta mashambani, na waliokaidi waliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeukana. Lakini matuta yalikuwa kazi nzito, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Tena matuta yalitibua kuazimana. Mtu aliyeazima kipande akikijengea matuta ya kudumu, jasho lile ni la nani? Mwazimaji ataogopa kufanya kazi kwa faida ya mwingine. Mwenye shamba naye ataogopa kwamba kazi ile itageuka dai, na salama yake ni kukirudisha kipande mikononi mwake. Anayeumia zaidi ni maskini anayeishi kwa kuazima. Upinzani ulikua mpaka, mwishoni mwa miaka ya 1950, mpango ukaachwa. Miradi iliyokuja baada ya uhuru ilipata usikivu zaidi pale ilipohimiza majani ya kukinga udongo ambayo pia hulisha ng'ombe wa zizini, kwa kuwa aliyeyapanda aliona faida yake mwenyewe.

Hati na majina yake

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaendeleza msingi huo: hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali, halmashauri ya kijiji inaweza kuiandikia hati, na mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia yake haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake.

Hati ni ngao nzuri dhidi ya mtu wa nje. Dhidi ya mtu wa ndani, inategemea imeandikwa jina la nani. Ikiandikwa jina la mume peke yake, haki zile tano tulizozihesabu hubaki moja kwenye karatasi, na siku ya mazishi ndipo nyingine hutafutwa.

Siku hiyo mjane wa Lushoto anaweza kukutana na sheria tatu. Amri ya sheria za mila ya mwaka 1963 haimpi mjane fungu lake, bali humwacha atunzwe na watoto wake. Sheria ya Kiislamu, ambayo wengi wa Wasambaa huifuata, humpa thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni na kutumika kwa familia za Kikristo, humpa theluthi. Mwanamke yuleyule, jembe lilelile, mafungu matatu tofauti.

Mahakama zimewahi kufungua njia. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi aliyorithi sawasawa na mwanamume. Lakini si kila mjane ana nauli, muda na moyo wa kusimama mahakamani dhidi ya shemeji zake.

Kinga iliyo karibu zaidi imo kijijini. Kabla halmashauri haijatia muhuri, iwaite majirani wa pande zote nne, wake wote wa nyumba, watoto waliokua na aliyeazima, iulize kila mmoja anategemea nini katika shamba lile, kisha iandike. Majina ya mume na mke yakae pamoja kwenye hati. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji kikao cha subira, na wajumbe wasioona haya kumuuliza mwanamke: na wewe, unalima wapi?