Maji ya Bomba ni Dawa, Tuyatunze Yasikauke



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakigusa kila siku bila kukifikiria, yaani maji ya bomba. Labda utajiuliza: ukurasa wa afya unahusika vipi na mabomba, dira na ankara? Jibu letu ni fupi. Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, minyoo, upele na vikope ni magonjwa yanayoletwa na maji machafu au maji machache. Kinga yake ya kwanza hutoka bombani. Na kinga hiyo, kama dawa za zahanati, huisha kabatini endapo hakuna anayeigharamia na kuitunza.

TULIKOTOKA

Wazee wa Shinyanga hawahitaji kusimuliwa habari ya kiu. Mkoa wetu ni mkavu, na mito yake mingi hutiririka masika tu. Kiangazi akina mama walichimba mchanga wa mto, wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kidogo kidogo kwa kata. Wengine walikwenda lamboni, ng'ombe wakinywa upande mmoja, mama akijaza ndoo upande wa pili. Watoto waliooga humo walirudi na kichocho.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumbani. Kati ya mwaka 1974 na 1978, kwa msaada wa Uholanzi, mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono vilichimbwa mkoani Shinyanga. Watu walifurahi. Lakini pampu ni chombo, na chombo huchakaa. Ngozi ya ndani ilipokwisha, palikosekana fundi, kipuri na fedha ya kukinunulia. Visima vingi vikanyamaza, na akina mama wakarudi lamboni.

Fundisho hilo tusilisahau: kupata maji ni kazi moja, kuendelea kuyapata ni kazi nyingine. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 1991, na baadaye ile ya mwaka 2002, ziliwataka watumiaji wachangie gharama na kuwa na sauti katika uendeshaji.

SAFARI YA MAJI KUTOKA IHELELE

Mji wa Shinyanga kwa miaka mingi ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Mvua ikichelewa, bwawa lilipungua, na mgawo wa maji ukaanza. Ziwa Victoria lilikuwa kaskazini yetu, limejaa, lakini kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri, uliotaka Misri iridhie kwanza kabla ya maji yanayokwenda mto Nile kuguswa. Tanzania huru haikuutambua mkataba huo. Mwaka 2004, wakati hayati Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, Serikali iliamua kuendelea na mradi kwa fedha zake yenyewe. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete aliuzindua.

Maji huvutwa ziwani katika kijiji cha Ihelele, wilaya ya Misungwi. Hapo hutiwa dawa ya kugandisha uchafu, iliyo jamii ya shabu. Tope hushuka chini, maji huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Baada ya hapo pampu za umeme huyasukuma hadi kwenye tenki kubwa juu ya kilima cha Mabale, lenye uwezo wa kubeba lita milioni 35. Kutoka kilimani maji hushuka yenyewe kwa mteremko hadi Solwa, ambako njia hugawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kahama. Mradi ulijengwa uweze kutoa lita milioni 80 kwa siku, ambazo ni sawa na ndoo milioni 4 za lita 20. Katika miaka iliyofuata bomba liliongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Mamlaka ya KASHWASA ndiyo inayozalisha maji hayo na kuyauza kwa jumla. Mamlaka za miji, kama SHUWASA ya Shinyanga na KUWASA ya Kahama, huyanunua na kutuuzia sisi wa majumbani. Vijiji vilivyo kandokando ya bomba navyo hununua kupitia vyombo vyao vya watumiaji maji. Upande wa Geita, mji unahudumiwa na mamlaka yake, GEUWASA.

KWA NINI TULIPE, WAKATI MAJI NI YA MUNGU?

Swali hili tunaliulizwa mara kwa mara katika jumuiya ndogo ndogo, na ni swali la haki. Maji ni ya Mungu kweli. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Lakini Mungu hakuweka pampu pale Ihelele. Umeme wa kuyapandisha maji Mabale hulipiwa kila mwezi. Dawa hununuliwa, bomba lililopasuka hubadilishwa, fundi anayetoka usiku kuziba hulipwa mshahara.

Ukiacha kulipa ankara, mamlaka ya mji nayo hushindwa kumlipa anayeizalishia maji, naye hushindwa kulipa umeme na dawa. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, koki hukauka kwa wote, pamoja na yule aliyelipa. Na anayeumia kwanza ni maskini, kwa sababu mwenye uwezo atanunua maji ya boza au atachimba kisima uani kwake. Mama asiye na kitu atarudi lamboni.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Bei za maji hazipangwi kienyeji. Mamlaka hupeleka maombi EWURA, na kabla ya uamuzi wananchi huitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Tuhudhurie mikutano hiyo, akina mama hasa, maana wao ndio wanaojua bei ya ndoo moja kioskini. Ankara ikikushangaza, usiitupe. Soma dira yako mwenyewe, linganisha namba, peleka malalamiko ofisini kwao kwa maandishi. Usiporidhika, EWURA wenyewe hupokea malalamiko. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kututetea.

MAJI YANAYOPOTEA NJIANI

Adui mwingine wa huduma ya maji ni upotevu. Maji yametibiwa, yamesukumwa kwa umeme, halafu yanamwagika kwenye mtaro au yanaibwa kwa bomba la kificho. Hakuna anayelipia maji hayo, lakini gharama yake inabaki, nasi sote tunaibeba.

Tupige hesabu ndogo. Koki mbovu inayojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja humwaga ndoo 24 kwa siku, yaani ndoo 720 kwa mwezi. Hizo ni lita 14,400, au uniti 14 na zaidi. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo moja kwa siku, inahitaji lita 3,600 tu kwa mwezi. Basi koki moja mbovu hunywa maji ya familia nne!

Tuseme ukweli wetu. Koki za namna hii tumeziona katika nyua za makanisa yetu, shule zetu na hosteli zetu, zikidondoka mwezi mzima kwa kuwa kila mtu anadhani mwingine atamwita fundi. Tusihubiri juu ya maji huku yetu yakimwagika.

Bomba lililopasuka lina hatari nyingine kwa afya. Maji yakiwepo kwa nguvu, husukuma nje. Mgawo ukianza na bomba likabaki tupu, tundu lile lile huvuta ndani tope na maji ya choo yaliyo jirani. Maji yatakaporudi, ndoo za kwanza zitakuja na uchafu huo. Kwa hiyo anayetoboa bomba amwagilie bustani anaweza kuwaletea majirani ugonjwa.

Hatari yenyewe haiko mbali. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliingia katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo.

KWA NDUGU ZETU WA MACHIMBO

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, Nyarugusu na Rwamagasa, kuna jambo la ziada. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo. Mvuke wake haufukuti wala haukerezi koo kama moshi wa kuni, lakini huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito akiuvuta, mtoto tumboni hudhurika. Zebaki inayomwagwa pamoja na mabaki huishia vijitoni, na baadaye huingia katika samaki. Huko Minamata, Japani, maelfu ya watu waliugua kwa kula samaki wenye sumu hiyo, iliyotoka katika maji taka ya kiwanda. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia.

Jambo la kukumbuka ni hili: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki majini. Klorini nayo haiiondoi. Kwa hiyo usichote maji ya kunywa kwenye mashimo yaliyoachwa, wala kwenye kisima kilicho chini ya mahali pa kuoshea mawe. Chota kwenye bomba au chanzo kilichopimwa. Zebaki isichomwe jikoni wala kwenye sufuria ya chakula. Vipo vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena. Kikundi kinaweza kuchanga kikanunua kimoja.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA?

1. Maji yakirudi baada ya mgawo, yaache yatoke mpaka yawe meupe. Yale ya kwanza yakinge kwenye ndoo, uyatumie kusafishia choo.

2. Harufu kidogo ya klorini isikutishe. Ni dalili kwamba dawa bado inafanya kazi. Ukiacha maji kwenye chombo kwa siku nyingi, nguvu hiyo hupungua.

3. Hifadhi maji ya kunywa katika chombo chenye mfuniko, cha mdomo mwembamba au chenye koki. Kikombe cha kuchotea kiwe na mpini. Maji mengi huchafuliwa nyumbani na mikono yetu.

4. Ukichota kisimani au lamboni, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote au utie kidonge cha klorini kwa maelekezo yaliyoandikwa. Kumbuka mkaa wa kuchemshia nao ni mti. Ngitili zetu zilirudishwa kwa taabu, na ndizo zinazosaidia mvua kuzama ardhini.

5. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

6. Kila jumuiya ichague mtu mmoja wa kutoa taarifa za mabomba yaliyopasuka. Aandike namba ya simu ya mamlaka ya maji na kuitundika mahali pa kusalia. Aandike pia siku aliyotoa taarifa, ili mafundi wakichelewa akumbushe.

7. Yupo mjane au mzee jirani aliyekatiwa maji kwa deni dogo? Jumuiya ichange ilipe, au imsindikize ofisini akaombe kulipa kidogo kidogo. Bwana alisema hata kikombe kimoja cha maji baridi hakitakosa thawabu.

Ndugu wasomaji, yule mwanamke Msamaria alipokutana na Yesu, alijivunia kwamba kisima kile waliachiwa na baba yao Yakobo. Vizazi vingi vilikuwa vimepita, na bado kilikuwa kikitoa maji, maana wapo waliokifukua kilipojaa mchanga na waliobadilisha kamba ilipokatika. Bomba la Ihelele ni kisima chetu, nasi tutapenda wajukuu wetu walikute likitoa maji.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia minyoo kwa watoto wa shule. Maswali yenu tuleteeni kupitia kwa katekista wa kigango chenu.