Gari Limegongwa: Liendeshwe au Likokotwe?

Magari mawili yakigongana mjini, vumbi halijatulia watu wamekwisha kujaa, na kila mmoja ana hukumu yake. "Bampa tu hiyo, twende." "Si linawaka? Basi ni zima." "Jaza maji, utafika." Wasemao hivyo wana nia njema, na dereva ambaye mikono bado inamtetemeka hupenda kuyasikia maneno hayo, kwa sababu yanamruhusu kuondoka. Kasoro ya ushauri huo ni kwamba unahukumu gari kwa sura yake.

Baada ya mgongano, gari linapaswa kupimwa kwa kazi nne: kusimama unapokanyaga breki, kufuata usukani, kuona na kuonekana barabarani, na kuwashika waliomo likigongwa tena. Kazi moja kati ya hizo ikitiliwa shaka, gari hilo haliendeshwi. Tuzipime kauli zinazosikika sana kandokando ya barabara zetu.

"Bampa tu ndiyo imeguswa."
Mara nyingi si kweli.

Bampa unayoiona ni ganda la plastiki. Plastiki hubonyea kisha ikarudi, kwa hiyo gari linaweza kupigwa kwa nguvu na ganda likabaki na mkwaruzo tu. Nyuma ya ganda kuna mhimili wa chuma, na kwa upande wa mbele, nyuma ya mhimili huo kuna kondensa ya eyasii, rejeta na feni. Mhimili ukisukumwa nyuma kidogo, vyote hivyo hupata msukosuko.

Kwa upande wa nyuma, tazama sakafu ya buti na bomba la ekzosi. Ekzosi ikipasuka na buti lisifunge vizuri, moshi huingia ndani ya gari, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua.

Njia ya kugundua ni kulinganisha. Nafasi kati ya boneti na taa ya kushoto iwe sawa na ya kulia. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kusukumwa kidogo, na sasa unataka kubamizwa, unakuambia bodi imesogea. Kisha piga magoti uchungulie chini: kitu chochote kinachodondoka, mbali na maji safi ya eyasii, kinataka maelezo kabla ya safari.

"Likiwaka, limepona."
Si kweli.

Kuwaka kunathibitisha kwamba injini imepata mafuta, hewa na cheche. Hakusemi lolote kuhusu breki, usukani wala matairi.

Kutowaka nako kuna maana. Magari mengi ya miaka ya karibuni hukata mafuta yenyewe yanapohisi mgongano mkubwa, ili pampu isiendelee kusukuma petroli kwenye bomba lililokatika. Gari la namna hiyo likigoma, usiling'ang'anie kwa stata. Zima swichi, wateremshe watu wote, sogeeni mbali. Harufu ya petroli inamaliza mjadala: gari haliwashwi, sigara haiwashwi, na hakuna wa kukinga ndoo. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na moto kuwakuta watu wakichota petroli. Tangi la gari la familia ni dogo, ila mvuke wa petroli ni uleule.

"Rejeta ikivuja, jaza maji, utafika."
Si kweli.

Tundu la rejeta halivuji vilevile safari nzima. Injini ikipata moto presha hupanda, na tundu hutema zaidi. Maji yakiisha, silinda hedi ya aluminiamu hupinda, gasketi huungua, na kazi ya kubadilisha rejeta inageuka kuwa kazi ya kufungua injini.

Kinachowaponza wengi ni geji ya joto. Kihisi chake kimeundwa kukaa ndani ya maji. Maji yakikauka, kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo gari linalovuja halipimwi kwa mshale. Wala mfuniko wa rejeta usifunguliwe ingali ya moto: maji yaliyobanwa na presha huruka yakichemka na kumbabua aliye karibu.

"Mifuko ya hewa haikufunguka, basi ajali ilikuwa ndogo."
Si kweli.

Mifuko ya mbele hufunguka pale mgongano wa mbele unapofikia nguvu fulani. NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, huieleza nguvu hiyo kuwa sawa na kugonga ukuta imara kwa mwendo wa takriban kilomita 13 hadi 23 kwa saa au zaidi. Lori likikugonga kwa nyuma, kwa kawaida mifuko hiyo haifunguki hata kama buti limefika kwenye kiti cha abiria. Kimya cha mifuko si kipimo cha madhara.

Kwa sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika kuna jambo la ziada: huenda gari lilishapata ajali kabla halijakufikia. Fungua swichi na utazame taa ya SRS, yaani ya mfumo wa mifuko ya hewa, kwenye dashibodi. Inapaswa kuwaka sekunde chache kisha ikazimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, yawezekana mtu aliiua ili kuficha kwamba mifuko haipo.

Na mifuko ikiwa imefunguka, gari linakokotwa, bila mjadala. Mfuko uliofunguka haukunjwi ukarudishwa. Hubadilishwa, na mara nyingi kompyuta yake nayo hubadilishwa.

"Mkanda ukivutika na kurudi, ni mzima."
Si kweli.

Mkanda wa pointi tatu, aliouunda Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wengi mno, na sehemu ya siri yake ni kwamba hutanuka kidogo unapomzuia mtu. Nyuzi zilizokwisha kutanuka katika ajali kubwa hazina tena uwezo uleule. Magari mengi ya sasa yana pia kifaa chenye baruti ndogo kinachoukaza mkanda papo hapo. Hicho hufanya kazi mara moja tu.

Uvute mkanda wote hadi mwisho, utafute nyuzi zilizochanika, sehemu iliyolainika au kung'aa kwa kusuguliwa. Ukisita kurudi, gari halibebi mtu kwenye kiti hicho. Kiti cha mtoto nacho hukaguliwa. Baada ya ajali ya wastani au kubwa NHTSA inashauri kibadilishwe, hata kama hakionyeshi ufa, na hata kama mtoto hakuwemo.

"Magari ya zamani ndiyo imara, haya ya sasa yanabonyea kama makopo."
Si kweli, na imani hii ina hatari zaidi ya zote.

Kubonyea ni kazi iliyokusudiwa. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alipewa hataza mwaka 1952 kwa wazo kwamba pua na mkia wa gari vibonyee vikimeza nguvu ya pigo, ili chumba cha abiria kisivunjike. Mwaka 1959 wazo hilo likaingia kwenye magari ya kiwanda hicho. Mwaka 2009, IIHS, taasisi ya usalama wa barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Chumba cha dereva cha ile ya zamani kilisagika, na mdoli wa majaribio aliyeketi mle alipata vipimo vya majeraha makubwa. Chumba cha Malibu kilisimama.

Lakini chuma hubonyea kwa namna hiyo mara moja. Magari kama IST, Vitz na Noah hayana chasisi ya pekee, bodi ndiyo chasisi. Mihimili ya mbele ikishakunjamana, gari halina tena cha kumeza pigo la pili. Fundi wa bodi anaweza kunyoosha, kupiga puti na rangi mpaka macho yaridhike, lakini mhimili uliokunjika unahitaji kupimwa kwa vipimo vya kiwanda, na mara nyingi kubadilishwa. Hata Hilux au Land Cruiser yenye chasisi yake hupinda. Ukubwa wa gari hauondoi ukaguzi.

"Likienda mnyoofu, miguu iko salama."
Ni kweli nusu.

Gari linalovuta upande mmoja bila shaka limeumia, lakini lisilovuta si lazima liwe zima. Anza likiwa limesimama. Kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie. Pedali ikizama taratibu, oili ya breki inavuja mahali fulani. Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam na pedali ya namna hiyo anakwenda kuuteremka mlima Kitonga bila breki.

Kisha zungusha usukani kulia hadi mwisho, na kushoto hadi mwisho. Usikilize kama unakwama au tairi linasugua mudigadi. Tazama ubavu wa kila tairi. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo linaweza kupasuka wakati wowote. Rimu iliyopinda au gurudumu lililolala tofauti na mwenzake ni dalili kwamba tairodi au mkono wa chini umepinda. Ukiwa na uwanja mtupu, songa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ufunge breki, usikilize. Usukani uliokuwa umekaa sawa na sasa umelala upande hata barabara ikiwa nyoofu unatosha kukuzuia.

"Haibridi ikiwa kimya, imezima."
Si kweli.

Prius na Aqua zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, na kimya chake kinadanganya, kwani gari linaweza kuwa tayari kuondoka bila injini kunguruma. Betri kubwa ya Prius ina takriban volti 200, nguvu ya kuua mtu. Weka gia P, zima kwa kitufe, hakikisha neno READY limetoweka, na uiweke funguo mbali. Waya za rangi ya chungwa haziguswi na asiyesomea kazi hiyo.

"Lifunge kamba livutwe, ni salama kuliko kuliendesha."
Si kweli kwa magari mengi.

Injini ikizima, breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito, na aliyekaa nyuma ya usukani anatakiwa kusimama mita chache tu nyuma ya gari linalomvuta. Zaidi ya hayo, giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Gari likivutwa umbali mrefu na magurudumu yanayosukuma yakigusa lami, giaboksi hiyo hukauka na kuungua. Ita brekidauni ya kubeba gari zima juu. Kwa gari ambalo magurudumu yote manne husukuma, hiyo ndiyo njia ya kufuata.

"Mkishaelewana, kila mtu aende zake."
Si kweli.

Mapatano ya wenye magari huhusu fedha. Hayatengenezi breki. Sheria za Tanzania na Kenya zinamtaka dereva asimame na ajali iripotiwe polisi, na palipo na majeruhi gari linamsubiri trafiki. Piga picha kabla ya kusogeza chochote. Mwenye bima kubwa awapigie watu wa bima kwanza, maana injini iliyoungua kwa sababu uliendesha bila maji huenda wakakataa kuilipia.

Na dereva naye akaguliwe. Maumivu ya shingo na kizunguzungu huweza kuja saa kadhaa baadaye. Mwenye kizunguzungu haendeshi, hata gari likiwa halina mkwaruzo.

"Zipo ajali ambazo baada yake unaweza kuendelea na safari."
Kweli.

Unaweza kuendelea ikiwa hakuna aliyeumia na hakuna kinachovuja wala kunuka, pedali ya breki ni ngumu na usukani ni huru, matairi hayana uvimbe na hayasugui, taa kubwa, za breki na indiketa zinawaka, boneti na milango vinafunga, mikanda inavuta na kushika, na dashibodi haina taa mpya ya onyo. Yote hayo, kwa pamoja. Hata hapo, nenda gereji ya karibu kwa mwendo mdogo, na omba gari lipandishwe juu litazamwe chini siku hiyohiyo.

Moja likikosekana, weka hazadi na pembetatu za tahadhari, watu wakae nje ya barabara, na uite msaada. Najua gharama ya brekidauni inauma, hasa mwisho wa mwezi ukiwa mbali. Lakini anayeendesha gari lenye shaka hajiweki rehani peke yake. Anawaweka pia wanafunzi wanaovuka kwenye kivuko, bodaboda aliye mbele yake na abiria wa basi linalokuja, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali.