Kabla hujampa fundi hela ya duka la mtandaoni, andika karatasi ya kazi



Swali tunaloulizana sana sisi wauzaji wadogo ni hili: "Duka la mtandaoni linatengenezwa kwa shilingi ngapi?" Ukweli ni kwamba hilo swali halina jibu mpaka uandike unataka nini. Waulize mafundi watatu, utapewa bei tatu zilizopishana mbali, na inawezekana hakuna hata mmoja aliyekudanganya. Mmoja kawaza kurasa chache zenye picha na namba yako ya WhatsApp. Wa pili kawaza duka ambalo mteja analipa hapohapo kwa simu. Wa tatu kaongeza na hesabu ya stoo. Wewe ulisema "duka" tu.

Ni sawa na kumwambia fundi ujenzi "nijengee nyumba" bila kutaja vyumba. Atajenga, ila mkija kugombana, hakuna maandishi ya kuamua nani yuko sahihi.

Dawa yake ni karatasi ya kazi. Ni kurasa mbili tatu zinazoeleza duka lako linatakiwa kufanya nini, nani ataleta nini, na hela italipwa lini. Haihitaji Kiingereza wala kompyuta. Kaunta buku na peni vinatosha, halafu unapiga picha unamtumia fundi. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nitatumia mfano wa duka la hapa Singida mjini linalouza asali ya Itigi na Manyoni pamoja na mafuta ya alizeti. Wewe weka bidhaa zako.

1. ANDIKA UNAVYOUZA LEO

Usianze na rangi wala nembo. Anza na mauzo yako yanavyokwenda sasa hivi, hatua kwa hatua. Mfano: mteja wa Dar anaona picha Instagram. Anauliza bei WhatsApp. Anauliza nauli ya mzigo. Analipa. Unafunga mzigo, unaupeleka stendi, unampigia picha risiti ya basi na namba ya kondakta. Kesho anaupokea stendi ya Magufuli pale Mbezi.

Sasa weka alama kwenye hatua zinazokuchosha au zinazokupotezea wateja. Kama kila siku unajibu "nauli mpaka Dodoma shilingi ngapi?", basi duka lako lazima lionyeshe nauli. Kama unapoteza kumbukumbu ya nani kalipa na nani bado, lazima liwe na orodha ya oda. Hatua ambayo haikusumbui iache ilivyo, usilipie kitu ambacho huna shida nacho.

2. BIDHAA, VILE UNAVYOZIUZA

Usiandike "asali" ukaishia hapo. Andika asali nusu kilo, kilo moja na dumu la lita 5. Mafuta lita 1, 5, 10 na 20. Kila ujazo una bei yake na uzito wake. Andika pia mzigo ukiisha duka lifanye nini: liifiche bidhaa, au liandike "imeisha" na mteja aache namba yake? Tena bei ya alizeti inabadilika kulingana na msimu, kwa hiyo andika wazi: "Nitabadilisha bei mwenyewe kwa simu yangu, bila kumpigia fundi." Sentensi hiyo moja itakuokoa na gharama za kila mwezi.

3. MALIPO

Hapa ndipo bei za mafundi zinapotofautiana sana. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza, duka linaonyesha Lipa Namba yako, mteja analipa mwenyewe, wewe unahakikisha hela imeingia ndipo unaithibitisha oda. Ni rahisi na inafaa kuanzia. Ila hakikisha kwenye simu yako, usiamini picha ya meseji anayokutumia mteja.

Ya pili, duka linaunganishwa na kampuni ya malipo kama Selcom au AzamPay, mteja anaweka namba ya siri kwenye simu yake, na oda inajithibitisha yenyewe. Hapo utatakiwa kuwa na nyaraka za biashara, na kuna makato kwa kila muamala. Andika unataka ipi, mitandao gani (M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa), na makato nani anayabeba.

4. USAFIRISHAJI NA KURUDISHA MZIGO

Tengeneza jedwali dogo: Singida mjini unapeleka kwa bodaboda, Kiomboi na Manyoni kwa basi, Dodoma, Arusha na Dar kwa basi, na nauli ya kila ujazo. Andika siku unazotuma. Halafu andika yale ambayo hatupendi kuyawaza: dumu likivuja njiani nani anabeba hasara? Mteja asipotokea stendi? Majibu hayo yawe kwenye ukurasa wa masharti ambao mteja anausoma kabla ya kulipa.

5. NANI ANASHIKA FUNGUO

Kuna vitu vitatu lazima viandikwe kwa jina lako. Cha kwanza ni jina la tovuti, mfano lile linaloishia .co.tz. Cha pili ni akaunti ya sehemu tovuti inapohifadhiwa, mafundi wanaita hostingi. Cha tatu ni akaunti kuu ya kuingilia dukani. Vyote visajiliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, na fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Ukikosa hili, siku fundi akihama mji au mkikosana, unabaki na wateja wanaokwenda kwenye anwani usiyoimiliki. Kumbuka pia jina na hostingi vinalipiwa upya kila baada ya muda, mara nyingi mwaka. Muulize fundi ni shilingi ngapi, uiandike, ili usishtuke mwakani.

6. TAARIFA ZA WATEJA

Jina, namba ya simu na mahali mteja alipo ni taarifa binafsi. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Andika kwenye karatasi yako: duka liombe taarifa zinazohitajika kupeleka mzigo tu, na fundi asibaki na nakala ya orodha ya wateja kazi ikiisha. Nakala ya orodha hiyo uwe nayo wewe. Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, muuzaji aliyekuwa na namba za wateja wake alikuwa na pa kuendelea kuuzia.

7. NANI ANALETA NINI

Kazi nyingi zinachelewa kwa sababu fundi anasubiri picha. Andika: "Picha 3 za kila bidhaa na maelezo yake nitaleta mimi, kabla ya tarehe fulani." Kama unataka fundi apige picha, hiyo ni kazi nyingine na ina bei yake.

8. ANDIKA KITU KINACHOPIMIKA

Futa maneno kama "tovuti nzuri", "ya kisasa", "iwe na kasi". Uzuri wako si uzuri wa fundi. Badala yake andika vitu ambavyo siku ya makabidhiano mtavijaribu wote wawili mkiwa mmekaa:

- Kwa simu ya bei ndogo na bando la kawaida, ukurasa wa kwanza unafunguka ndani ya sekunde 5.
- Mtu ambaye hajawahi kuliona duka anaweka oda ya asali kilo 1 kwenda Dodoma bila kumuuliza mtu, na anaona nauli kabla ya kulipa.
- Oda ikiingia, napata meseji.
- Nabadilisha bei ya mafuta lita 5 mwenyewe kwa simu.
- Maneno yote ambayo mteja anayaona ni Kiswahili.

Jaribio likifeli, kazi haijaisha. Likipita, mlipe mtu hela yake bila kumzungusha. Karatasi hii inamlinda na fundi pia.

9. HELA KWA AWAMU

Usilipe yote mwanzo, na usitegemee fundi afanye bure mpaka mwisho. Mfano wa mgawanyo: asilimia 40 kianzio, 30 ukiona duka likifanya kazi kwa majaribio, 30 ya mwisho majaribio yote yakipita na umeshika funguo zote. Ongeza mistari miwili. Wa kwanza: "Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi hii kitaelewana bei yake kwanza, kwa maandishi." Wa pili: "Fundi atarekebisha hitilafu bila malipo kwa miezi 3 baada ya makabidhiano." Hiyo miezi mpatane wenyewe.

10. VISIVYOHITAJIKA KWA SASA

Sehemu hii wengi wanairuka, wakati ndiyo inayoshusha bei. Andika: "Kwa sasa sihitaji programu ya simu, sihitaji lugha mbili, sihitaji malipo ya kadi." Fundi akijua hivyo hatavipigia hesabu, na wewe utajua nini cha kuongeza biashara ikikua.

UKISHAMALIZA

Msomee mtu mmoja anayekusaidia kazi na mteja mmoja unayemwamini. Wao ndio wataona ulichosahau. Kisha peleka karatasi hiyohiyo, bila kubadilisha neno, kwa mafundi watatu. Hapo bei zao zinalinganishika, maana wote wanapigia hesabu duka moja. Angalia na maswali wanayouliza. Fundi anayekuuliza "mteja asipopokea mzigo oda inakuwaje?" kaisoma karatasi yako. Anayejibu "haina shida boss, tuma kianzio" huenda hajaifungua.

Mkikubaliana, kila mmoja asaini kila ukurasa, muweke tarehe, na kila mtu abaki na nakala yake.

Na inawezekana ukimaliza kuandika ukagundua shida yako ni mbili tu: nauli na orodha ya oda. Kama ni hivyo, katalogi ya WhatsApp Business ni bure, jedwali la nauli unalibandika juu ya ukurasa wako, na oda unaziandika daftarini. Hela ya fundi inunue mzigo kwanza. Karatasi itunze, siku ikifika itakuwa iko tayari.